Mavuno na uchumi wa atomu: usivichanganye tena (kwa chokaa, mbege na keki)

Nilivyokuwa fomu thrii tulitengeneza fuwele za kopa salfeti maabara, zile za bluu zinazong'aa, nikapima nikapata gramu 7.0 wakati hesabu inasema mwisho kabisa ni gramu 6.24, nikapiga kalkuleta ikaniletea mavuno ya asilimia 112, basi nikaenda kwa mwalimu kifua mbele najua leo nimewaburuza wote. Mwalimu akazigusa fuwele kwa kidole, akakiangalia kidole, akasema: kijana, umepima maji. Darasa zima likacheka. Zilikuwa mbichi, sikuzikausha.

Sasa hivi nafundisha tuisheni hapa Moshi, Majengo, na kila mwaka napata vijana wa aina ile ile. Mmoja ana asilimia 112 na hashtuki. Mwingine anaulizwa uchumi wa atomu anajibu mavuno, alafu analalamika kwamba pepa ilikuwa ngumu. Haikuwa ngumu, ni maswali mawili tofauti yenye fomula zinazofanana sura, zote zina gawanya na mara 100, kwahiyo mtu akiwa na haraka anashika yoyote iliyo karibu.

Tuanze na tofauti yenyewe, mana ukiipata hii hesabu ni kazi ya dakika mbili.

Mavuno yanauliza: kati ya kile ambacho ulistahili kupata, umekipata kiasi gani mkononi? Ni kama mkulima wa mahindi, shamba lilitakiwa litoe magunia 20, yametoka 15, basi mavuno ni asilimia 75. Mengine yameliwa na ndege, mengine yamedondoka njiani, mengine hayakuota.

Uchumi wa atomu unauliza kitu kingine kabisa: kati ya uzito wote ulioingia kwenye mmenyuko (yaani pale vitu vinapogeuka kuwa vitu vingine), ni sehemu gani inayoweza kuwa kile unachokitaka, HATA kama kila kitu kimeenda sawa na hujamwaga hata tone? Ukilima mahindi ili upate punje, bua na gunzi vitaota tu, uwe hodari usiwe hodari. Mavuno unayajua kwa mizani. Uchumi wa atomu unaujua kwa ikwesheni na kalamu, unaweza kuupiga umekaa kwenye daladala.

Wazo hili la kuhesabu atomu zinazopotea lililetwa na mwanakemia Barry Trost wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1991. Kabla ya hapo watu walikuwa wanasifia mavuno tu, mtu ana asilimia 95 anapigiwa makofi, kumbe nyuma ya kiwanda kuna mlima wa taka. Mwaka 1998 Paul Anastas na John Warner wakaliweka kama kanuni ya pili kati ya zile kanuni 12 za kemia ya kijani, yaani kemia isiyochafua mazingira.

Mfano wa kwanza: mbege

Bibi yangu Uru alikuwa anapika mbege, na nyie wa huku mnajua, ndizi mbivu zinapikwa zinaachwa zichachuke, ulezi unaoteshwa unasagwa, kuna gome la msesewe la kuleta uchungu, alafu baada ya siku kadhaa unaona povu linapanda. Lile povu ndilo somo letu la leo. Sukari ya kwenye ndizi inageuzwa na hamira:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Uzito wa molekuli, ule tunaouita Mr: sukari ni 180. Ethanoli ni 46, ziko mbili, kwahiyo 92. Kabonidayoksaidi ni 44, ziko mbili, 88. Jumlisha 92 na 88 unapata 180, vizuri, hakuna kilichopotea duniani. Ila bibi anataka ethanoli, kwahiyo:

Uchumi wa atomu = 92 ÷ 180 × 100 = 51.1%

Yaani karibu nusu ya sukari ya bibi inapanda juu kama povu na hakuna ufundi utakaozuia. Hata angekuwa na mtungi wa dhahabu.

Sasa hapa ndo utamu. Mama anayeoka mikate pale mtaani anatumia mmenyuko huo huo na hamira hiyo hiyo, ila yeye ethanoli haitaki, inakauka kwenye oveni, yeye anataka gesi iinue unga. Kwake uchumi wa atomu ni 88 ÷ 180, asilimia 48.9. Ikwesheni moja, majibu mawili, kwa sababu kinachotakiwa kimebadilika. Kwahiyo kabla hujagusa kalkuleta soma swali: wanataka NINI? Pigia mstari hicho kitu.

Sasa hatua zenyewe

Hatua ya 1. Andika ikwesheni na uibalansi, yaani atomu za kila aina kushoto na kulia zilingane idadi. Naona watu wanaruka hapa eti watabalansi baadaye. Chukua magadi ya kuokea, bekingi soda ile ya dukani kwa mangi, ukiipasha moto:

2NaHCO3 → Na2CO3 + H2O + CO2

Mr ya bekingi soda ni 84. Ukisahau ile 2 mbele utafanya 106 ÷ 84 na kupata asilimia 126, na uchumi wa atomu haujawahi kuzidi 100 tangu dunia iumbwe, mana huwezi kutoa atomu ambazo hukutia. Ukiona imezidi 100 rudi kwenye kubalansi, asilimia kubwa kosa liko hapo. Jibu sahihi ni 106 ÷ 168, asilimia 63.1. Na kama unaoka keki unataka gesi tu, ni 44 ÷ 168, asilimia 26.2.

Hatua ya 2. Tafuta Mr za vitu vyote na zizidishe kwa namba za mbele. Alafu jumlisha kushoto, jumlisha kulia, zilingane. Hazilingani, usiendelee.

Hatua ya 3, kama swali ni uchumi wa atomu, umemaliza:

Uchumi wa atomu (%) = jumla ya Mr ya kinachotakiwa ÷ jumla ya Mr ya malighafi zote × 100

Hakuna gramu humo. Wakikupa gramu kwenye swali la uchumi wa atomu ni mtego tu, au ni za kipengele kinachofuata.

Hatua ya 4, kama swali ni mavuno, hapa kuna kazi kidogo. Lazima kwanza ujue uzito wa kinadharia, yaani uzito ambao ungepatikana kama kila chembe ya malighafi ingegeuka na usingepoteza kitu.

Chukua chokaa. Mawe ya kando ya barabara shuleni mmeshayapaka sana hiyo chokaa, siku mgeni rasmi anakuja. Inatoka kwenye mawe ya chokaa yanayochomwa tanuruni kwenye joto kama nyuzi 900:

CaCO3 → CaO + CO2
100 → 56 + 44

Tuseme mtu amechoma kilo 250 za mawe safi akapata kilo 112 za chokaa. Uzito wa kinadharia: kama 100 zinatoa 56, basi 250 zinatoa 250 ÷ 100 × 56 = kilo 140. Mavuno = 112 ÷ 140 × 100 = asilimia 80. Uchumi wa atomu = asilimia 56, na huo ungebaki 56 hata kama mavuno yangekuwa 99. Ona mtego lakini: mwanafunzi anafanya 112 ÷ 250 anapata 44.8 anaandika "mavuno". Siyo mavuno! Ila namba yenyewe siyo ya bure, ukizidisha 0.56 kwa 0.80 unapata 0.448, yaani katika uzito wote ulioingia tanuruni asilimia 44.8 tu ndo imekuwa chokaa mkononi. Hesabu mbili zimeungana. Mimi napenda kuitumia kama ukaguzi, ila hiyo ya kuzidisha inakubali tu pale ambapo hakuna malighafi iliyozidi kipimo.

Na kama wakisema mawe yana usafi wa asilimia 90? Mengine ni mchanga. Basi chokaa itatoka kwenye kilo 225 tu, kinadharia ni 126, na mavuno yanapanda kuwa 112 ÷ 126, kama asilimia 88.9. Mchanga ulikuwa unasingizia tanuru.

Malighafi inayoisha kwanza

Hapa ndipo wengi wanaangukia na mimi nitakaa hapa muda mrefu kidogo, mnivumilie.

Ukiwa na unga wa chapati 30 na mafuta ya chapati 12, utapata chapati 12, hata unga ulie machozi. Kwenye kemia ni hivo hivo, kile kinachoisha kwanza ndo kinaamua uzito wa kinadharia. Kile kilichozidi kiache, hakihusiki.

Turudi kwenye fuwele zangu za aibu.

CuO + H2SO4 → CuSO4 + H2O

Tulipewa asidi ya salfuriki ujazo wa sm³ 25, yenye moli 1 kwa lita, na kopa oksaidi gramu 2.5. Geuza vyote viwe moli, kipimo cha kuhesabu chembe: kwa unga ni gramu ÷ Mr, kwa kimiminika ni lita × moli kwa lita. Asidi: 25 ÷ 1000 × 1 = moli 0.025. Oksaidi: Mr ni 79.5 (kopa tunachukua 63.5), kwahiyo 2.5 ÷ 79.5 = moli 0.0314. Ikwesheni inasema moli moja kwa moli moja, basi asidi ndo inaisha kwanza. Kumbuka kama namba za mbele siyo moja kwa moja, gawanya moli za kila kitu kwa namba yake ya mbele kwanza ndo ulinganishe, usilinganishe moli hivi hivi.

Fuwele zinabeba maji ndani yake, CuSO4·5H2O, Mr 249.5. Kwahiyo kinadharia ni 0.025 × 249.5 = gramu 6.24. Ungetumia oksaidi kwa kosa ungepata gramu 7.85, na mwenzako aliyepata fuwele kavu gramu 4.68 ungemwambia mavuno yake ni asilimia 59.6 wakati ukweli ni 75. Umemnyima maksi bure.

Kwanini maabara tunazidisha oksaidi makusudi? Kwa sababu oksaidi iliyobaki ni unga mweusi, unaona kwa macho, unaichuja inabaki kwenye karatasi. Ungezidisha asidi ingebaki kwenye maji na fuwele zingekuwa na asidi, na huna chujio la kuitoa.

Uchumi wa atomu wa njia hii, kwa CuSO4 ya kwenye ikwesheni bila yale maji ya fuwele: 159.5 ÷ 177.5, asilimia 89.9. Ukianza na kopa kabonati badala ya oksaidi unapata CuSO4 ile ile lakini kuna CO2 inatoka pembeni, malighafi ni 123.5 + 98 = 221.5, uchumi wa atomu unashuka kuwa asilimia 72.0. Maswali ya "njia ipi bora" yanachezaga hapo hapo.

Zile gramu 1.56 zilikwenda wapi?

Yaani 6.24 toa 4.68. Vijana wanapenda kujibu "makosa ya kibinadamu" na wanaosahihisha hawalipendi jibu hilo, mimi pia silipendi, ni sawa na kusema gari limeharibika kwa sababu ya matatizo. Taja kitu.

Mwizi mkubwa ni maji yanayobaki ukishatoa fuwele. Kwenye nyuzi 20 gramu 100 za maji zinashika kama gramu 20 za kopa salfeti isiyo na maji ya ndani (CuSO4 tupu). Ukibakiza sm³ 5 tu za maji ya bluu chini ya bika umeacha humo kama gramu 1, na gramu 1 hiyo ingekuwa fuwele ingepima karibu gramu 1.56. Umeona? Upungufu wote unaweza ukawa umekaa kwenye yale maji uliyoyamwaga kwenye sinki.

Kwahiyo fanya hivi. Pasha asidi iwe ya moto ila isichemke, tia oksaidi kidogo kidogo ukikoroga mpaka unga mweusi ukatae kuyeyuka. Chuja ikiwa bado moto, mana ikipoa fuwele zinaanza kutoka kwenye karatasi na hapo umezipoteza. Suuza bika na karatasi kwa maji kidogo ya kutoneshwa, kidogo tu nasema, uyaunganishe na yale uliyochuja. Alafu punguza maji kwa moto mdogo. Chovya kijiti cha kioo, ukikitoa na fuwele zikianza kujitokeza juu yake kikipoa, zima moto. Usikaushe mpaka mwisho kwenye moto, ukizidisha fuwele zinapoteza maji yake ya ndani zinakuwa unga mweupe, Mr inashuka kutoka 249.5 kwenda 159.5 na mizani itakuambia una mavuno mabaya wakati kopa yote ipo. Acha ipoe taratibu, hata mpaka kesho. Maji yanayobaki usiyamwage, yapunguze tena upate awamu ya pili. Mwisho kausha kwa kubonyeza kati ya karatasi za kuchujia, badilisha karatasi mpaka isilowe. Miwani ya maabara ivaliwe muda wote, asidi ya moto haina undugu.

Sababu nyingine za mavuno kushuka ukiacha kumwaga na kubakiza: mmenyuko haujafika mwisho, mmenyuko unarudi nyuma, au kuna mmenyuko mwingine wa pembeni. Mfano mzuri wa pembeni ni utepe wa magnesi. 2Mg + O2 → 2MgO, zao ni moja kwahiyo uchumi wa atomu ni asilimia 100, safi kabisa, na gramu 1.2 zinatakiwa kutoa gramu 2.0. Lakini darasani utapata 1.7 hivi, asilimia 85, mana ukifunua kifuniko moshi mweupe unatoka na huo moshi ndo MgO yenyewe inakwenda zake, na pia sehemu ya magnesi inashikana na naitrojeni ya hewani inakuwa Mg3N2 ambayo ni nyepesi kuliko ilivyotakiwa. (Usiangalie ule mwanga moja kwa moja, tafadhali.)

Basi moja linaweza kuwa zuri na lingine baya

Magnesi imeshaonyesha. Mkubwa zaidi ni amonia, inayozaa yurea ambayo wakulima wa mahindi huku wanaigombania msimu wa kukuzia:

N2 + 3H2 → 2NH3

Uchumi wa atomu asilimia 100. Mavuno kwa mzunguko mmoja wa gesi kupita kwenye kichocheo cha chuma, kwenye nyuzi kama 450 na mgandamizo wa angahewa kama 200, ni takriban asilimia 15 tu, mana mmenyuko unarudi nyuma. Mbona viwanda havijafungwa? Kwa sababu amonia inapozwa inakuwa kimiminika inatolewa, na gesi ambayo haijageuka inarudishwa ndani ipite tena na tena.

Ila mimi huwa nawaambia vijana wasidanganyike na hiyo 100. Haidrojeni imetoka wapi? Kwa kawaida kwenye gesi asilia na mvuke, na kwa ujumla ni CH4 + 2H2O → CO2 + 4H2, hapo haidrojeni ni 8 kati ya 52, asilimia 15.4. Ikwesheni uliyopewa haikuambii uchafu wa ikwesheni iliyoitangulia.

Dawa ndo zinaonyesha zaidi. Ibuprofeni, ile inayouzwa kila duka la dawa Moshi na Arusha, ilianza kutengenezwa na kampuni ya Boots ya Uingereza kwa hatua sita, uchumi wa atomu asilimia 40. Baadaye ikaja njia ya kampuni ya BHC ya hatua tatu, asilimia 77, na kile kinachobaki ni asidi ya siki ambayo nayo inakusanywa na kutumika. Kupunguza hatua kuna faida mara mbili kwa sababu mavuno yanazidishana: hatua tatu za asilimia 80 kila moja zinakuacha na 0.8 × 0.8 × 0.8, asilimia 51.2, na zikiwa sita unabaki na kama 26. Usijumlishe ugawe kwa tatu, nimeshayaona hayo.

Jipime

Moja: Fe2O3 + 3CO → 2Fe + 3CO2, tafuta uchumi wa atomu wa chuma. Mbili: umepasha gramu 8.4 za bekingi soda ukapata gramu 4.5 za Na2CO3, mavuno ni ngapi? Tatu: mwenzako kafanya hiyo hiyo ya pili kapata gramu 5.9, kuna nini?

Majibu. Ya kwanza, 112 ÷ 244, asilimia 45.9. Ya pili, kinadharia ni 8.4 ÷ 168 × 106 = 5.3, mavuno 4.5 ÷ 5.3 ni asilimia 84.9. Ya tatu inatoka asilimia 111, na najua utakimbilia kusema "ni maji" kama hadithi yangu ya juu, lakini hapa kitu kimepashwa moto mkali, maji hayawezi kuwa mshukiwa wa kwanza. Mshukiwa wa kwanza ni bekingi soda ambayo haijavunjika, bado ina gesi yake ndani. Airudishe kwenye moto, aipoze, apime, arudishe tena, apime, mpaka mizani isome namba ile ile mara mbili mfululizo.